Maziwa Yaliyolala

1

Msimu wa viazi ulikuwa umepamba moto, na Kituo cha Bondeni hakikuwa na pa kutia mguu. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuanzia getini hadi kwenye kona ya kanisa, na madereva walipiga honi kana kwamba honi inaharakisha mionzi. Wapi! Kobalti, chuma chenyewe kinachotoa mionzi hiyo, haina haraka na mtu. Emiliana Tluway, mkuu wa zamu ya mchana, alikaa kwenye kiti chake nyuma ya ukuta mnene wa zege, macho kwenye skrini, akitazama kreti za viazi zikipanda mkanda, zikikata kona, zikimezwa na chumba cha mionzi, halafu zikitokea upande wa pili zikiwa vilevile. Vilevile kabisa, hata vumbi halijapungua. Ndiyo maana wageni waliotembelea kituo hawakuacha kushangaa. Mtu anashika kiazi kilichotoka, anakigeuza huku na huku, anakuna kichwa, kisha anauliza, "Sasa hiki mmekifanya nini?"

"Tumekilaza," wanamjibu.

Kila kazi ina lugha yake, na ya pale kituoni ilikuwa fupi. Kulaza kulikuwa kwa viazi na vitunguu: vinapita chumbani chapuchapu, mionzi inavigusa kidogo tu, na kile kijicho cha kiazi kinachotaka kuchipua kinasinzia moja kwa moja. Kufukuza kulikuwa kwa mahindi na maharage, yanayokaa ndani kwa muda hadi fukusi na mayai yake wafe. Halafu kulikuwa na kunyamazisha. Hiyo ilikuwa ya nyama, samaki na mboga za majani, na zaidi ya vyote ilikuwa ya maziwa. Hapo mkanda unasimama, kobalti inabaki juu, nje ya bwawa la maji inamozamishwa ikipumzika, na kila kinachoishi ndani ya kreti kinanyamaza, hata vile visivyoonekana kwa jicho. Kinachobaki ni chakula kitupu, chenye muhuri, kisichooza wala kuchacha. Unakiweka rafuni mwaka, miwili, ukipenda hata mitano. Siku ukikumbuka unakitia kwenye maikrowevu, kinazunguka, kinalia ti!, na wali ni uleule wa siku uliyofungwa.

Msije mkafikiri watu wa zama zile walikuwa wajinga. Hapana. Walikuwa wametoka kwenye Mwaka wa Matumbo, mwaka ambao chakula chenyewe kiligeuka adui, watu wakifa kwa kipande cha nyama, kwa kikombe cha uji, kwa tunda. Emiliana alikuwa msichana wakati huo. Aliona jeneza la jirani likifuatwa na jeneza la jirani mwingine kabla waombolezaji hawajarudi nyumbani. Mionzi ilipokuja, watu walipiga vigelegele, naye aliomba kazi kituoni kwa moyo mmoja. Mpaka leo aliiamini.

Lakini alikumbuka, jamani. Alikumbuka kiporo. Ugali wa jana uliokatwakatwa na kubanikwa pembeni mwa moto hadi ukaota ngozi ngumu, unautafuna unaelekea shule huku umande ukikulowesha miguu. Makande ya jana ambayo kila mtu anajua ni matamu kuliko ya leo, kwa sababu yamelala na chumvi imepata muda wa kuingia. Wafanyakazi wenzake wengi walikuwa wamezaliwa mjini baada ya mionzi. Ukiwaambia chakula kilicholala ni kitamu, wanakukata jicho kama umetukana.

Na juu ya yote alikumbuka maziwa ya mama yake.

Simu ikaita. Alikuwa Fausta, binti yake wa pekee, mtoto wa miaka tisa mwenye maswali kuliko hakimu.

"Mama, Aama ameshafika?" Ndivyo walivyomwita bibi kwa lugha ya nyumbani.

"Bado. Lori lake nadhani liko nyuma ya foleni."

"Na ni kweli anakuja na yale maziwa yanayolala?"

"Nani kakwambia?"

"Si yeye mwenyewe, jana kwenye simu. Mama, yakilala yanaota ndoto?"

Emiliana akacheka mpaka akaweka mkono mdomoni. "Utamuuliza mwenyewe. Haya, kafanye hesabu zako."

Alipokata simu kicheko kilikuwa kimeshakwisha. Mama yake alikuwa anashuka leo kutoka Endaqway, kijiji cha mwisho kule juu milimani kilichokuwa bado kinakula chakula cha zamani. Zahanati ilikuwa imefungwa, ng'ombe wameuzwa, majirani wameshuka mmoja baada ya mwingine. Bibi kizee alikuwa amekataa kutoka hadi goti lilipomsaliti. Na kwa wiki kadhaa kila alipouliza kwenye simu, "Na kibuyu changu, mwanangu, nitapita nacho?" Emiliana alijibu kitu kilekile, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani. "Tutaona, Aayo. We njoo, tutaona."

2

Alimwona kwenye skrini. Lori la viazi lilisimama kwenye jukwaa la mapokezi, mlango wa mbele ukafunguka, na mama yake akateremka kinyumenyume, mguu mmoja ukipapasa ardhi. Alikuwa amepungua. Jamani, alikuwa amepungua! Shuka ambalo zamani lilimkaa vizuri sasa lilimzunguka mara mbili. Mkononi alishika fimbo, na kwapani, kama mtu anavyobeba mtoto aliyesinzia, alikuwa na kibuyu.

Emiliana alitaka kukimbia akamkumbatie, lakini mkuu wa zamu haachi kiti kobalti ikiwa juu. Akaongeza sauti ya kipaza sauti.

Pale mapokezi alikuwepo Damiano, mpakiaji, kijana mchangamfu mwenye mabega kama mlango. Mtoto wa mjini huyo, mtoto wa muhuri. Maziwa aliyoyajua yeye maishani mwake ni ya unga na ya pakiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na safari. Mizigo yote inapita kwenye mkanda, ndiyo utaratibu wetu. Nguo hapana, chakula tu. Hiki nini?"

"Maziwa."

"Maziwa?" Damiano alikigeuza kibuyu, akakitazama chini na juu akitafuta maandishi. "Yamefanywaje haya?"

"Nimeyalaza," akasema bibi.

"Aa, umeshayalaza! Wapi, hukohuko juu?"

"Sasa niyalaze wapi kama si kwangu? Tangu jana jioni. Yamelala vizuri kabisa, wewe yasikie tu yalivyotulia."

"Safi sana, bibi, umeturahisishia kazi," alisema Damiano, na uso wake ulionyesha furaha ya kweli. Kule juu kulikuwa na mashine ndogo ya kulazia viazi vya mbegu, kila mtu alilijua hilo, na utaratibu ulisema kilicholazwa kijijini kinapita tena na viazi kuhakikisha. Akakisimika kibuyu katikati ya kreti ya viazi, akakizungushia viazi vinne vikubwa kisianguke.

Emiliana alikuwa karibu acheke kwa mara ya pili siku ile. Kulaza! Kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake, kulaza maziwa ni kuyamimina ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, juu ya mbegu, yaani yale mabaki kidogo ya maziwa ya jana yanayoachwa chini makusudi. Unafunika, unakiegesha ukutani, hugusi. Asubuhi yameamka mazito, yana ukali unaofumba jicho moja na harufu ya moshi. Mbegu ya leo inatoka kwa ya jana, ya jana inatoka kwa ya juzi, na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi kwa mabibi ambao hakuna aliyewahi kuwaona hata pichani. Haikuwahi kukatika. Njaa ilipita, vita vilipita, Mwaka wa Matumbo wenyewe ulipita, na kila jioni kulikuwa na mwanamke mmoja wa ukoo aliyeyalaza maziwa.

Kisha akili ikamrudia.

Kreti ilikuwa inapanda mkanda. Pembeni ya kiti chake kulikuwa na swichi nyekundu. Ukiibonyeza mkanda unasimama. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya kazi, ukatua juu ya swichi.

Maziwa hunyamazishwa. Kila mtu kituoni alijua. Mwezi wa tatu tu mama mmoja wa kutoka ng'ambo ya mlima alisimama palepale aliposimama Aayo, na kibuyu kama kile, akalia, akasema ni cha mama mkwe wake marehemu. Emiliana mwenyewe alitoka, akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote, halafu akakinyamazisha. Yule mama aliondoka bila kuaga.

Na kulikuwa na ile shule ya kule tambarare. Mpishi mmoja aliyekumbuka kwao alitengeneza togwa kwa siri, akawapa watoto kidogo kidogo kwa mapenzi tu. Watoto wa muhuri, ambao matumbo yao hayajawahi kupokea mgeni yeyote aliye hai. Waliugua darasa zima. Wawili hawakurudi nyumbani.

Lakini alimwona mama yake kwenye skrini, amekaa juu ya gunia, shingo nyembamba. Mwaka juzi alikuja kukaa mjini akashindwa. Chakula cha pakiti alikigeuza mdomoni akakitema polepole kwenye kitambaa, akidhani hawamwoni. Alisema maziwa ya mionzi yana harufu ya manyoya ya kuku yaliyoungua, na kwa kweli yanayo, waliozaliwa zamani wote wanaisikia. Alikonda mbele ya macho yao hadi wakamrudisha milimani, na kule kibuyu kilimrudishia nyama mwilini. Safari hii hakukuwa na pa kumrudisha. Kibuyu kikinyamazishwa, mama yake atakufa mezani kwake, polepole, huku akisema ameshiba.

Na Damiano amekosea mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Dozi ya viazi kwa vile viumbe vidogo vya ndani ya maziwa ni manyunyu tu. Vichache vitaanguka, vingine vitajikung'uta viendelee na maisha.

Kreti ikafika kwenye kona. Mkono ulikuwa bado juu ya swichi, na moyo unamwenda mbio kama wa mwizi wa mara ya kwanza. Hakuibonyeza. Kibuyu kikakata kona kikiyumbayumba katikati ya viazi, kikaingia, kikatokea. Damiano akakibandika muhuri, tena akaunyoosha kwa kidole gumba usije ukabanduka.

3

Ilipofika zamu ya mapumziko na kobalti ikazamishwa bwawani, Emiliana alitoka mbio. Walikumbatiana uwanjani kati ya malori, na alisikia mifupa ya mama yake chini ya shuka.

"Umenenepa," alisema mama.

"Na wewe umepungua, Aayo."

"Mimi ni mzee, nina ruhusa. Fausta yuko wapi?"

"Nyumbani, anakusubiri. Ana swali lake kuhusu ndoto." Akamshika mkono wakakae kwenye benchi kivulini mwa bohari, palipokuwa patupu kwa kuwa wapakiaji walikuwa wamekwenda kula. "Aayo, kibuyu chako kimepita. Kiko hai."

"Kwani kilikuwa kife?"

Basi hapo ndipo Emiliana alipoona alivyokuwa mwoga kwa wiki zote zile. Mama yake hakujua. Walimwambia kule kijijini kwamba mionzi haiui chochote ndani ya chakula, ni kama kupigwa picha hospitali, naye akaamini. Ikabidi aelezwe sasa, yote, kulaza kwa kituoni na kunyamazisha, na jinsi Damiano alivyosikia neno moja akaelewa lingine.

Bibi kizee alisikiliza mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akajipiga paja, akafuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Yaani kijana wa watu aliniuliza nimeyalaza wapi, mimi nikamwona huyu naye! Mtu mzima hajui maziwa yanalala nyumbani!"

Emiliana naye akacheka, akajiona mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi ndiyo hivyo. Yamepita. Tutayaweka chumbani kwako juu ya kabati, na maziwa ya kuyalisha yapo, hata ya pakiti yanafaa. Utakuwa unayalaza kila jioni."

"Nipe niyaone." Mama alichomoa kifuniko, na harufu ikatoka. Moshi, na ukali, na kitu kama majani makavu asubuhi ya baridi. Emiliana alifumba macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao ya zamani, miguu mitupu, ng'ombe wakikohoa upande wa pili wa ukuta, na baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa anatafuta kofia yake kama kila siku. Mate yalimjaa mdomoni. Akanyoosha mkono.

Mama akakivuta kibuyu pembeni. "We! Umesahau nyumba uliyozaliwa? Funda la kwanza ni la nani?"

Alikuwa amesahau. Miaka ya mjini ilikuwa imeifuta kabisa. Katika nyumba yao kibuyu kipya kikifunguliwa, au kibuyu kikihamia pengine, funda la kwanza ni la mdogo kuliko wote. Hata kama ni kichanga, anapakwa mdomoni kwa kidole. Wakubwa hawagusi kabla yake.

"Fausta," alisema Emiliana polepole.

"Fausta. Nimekaa kwenye lile lori na viazi vikinigonga mgongo nikifikiria uso wake tu. Atakunja pua hivi, halafu ataomba tena. Wewe ulikunja hivyohivyo."

"Aayo, Fausta hatakunywa."

"Kwa nini?"

Emiliana akamweleza habari ya ile shule. Hakuficha kitu. Alipofika kwa wale wawili, mama yake aliacha kumtazama, akatazama malori. Kisha akarudisha kifuniko mahali pake, akakibana sana kwa kiganja.

"Na wewe ulijua haya, ukakiacha kipite."

"Nitakificha! Utakunywa chumbani kwako, mlango nitaufunga kwa ufunguo, yeye hata hatajua."

"Nijifungie mlango nikinywe peke yangu? Na mtoto yuko upande wa pili anauliza, Aama, unakula nini?" Sauti ya mama ilipanda. "Bibi gani huyo? Na siku nikisahau ufunguo? Na siku akinililia, unanijua mimi, nitaweza kumnyima? Siwezi, Emiliana! Sikuweza kukunyima wewe, nitamnyima yeye?"

"Basi utakula nini?" Sasa Emiliana alikuwa analia bila kujizuia, mkuu wa zamu mzima na koti lake jeupe. "Nilikuona mwaka juzi ukitema kwenye kitambaa. Ulidhani hatukuoni. Utakufa njaa, Aayo, na mimi nitakuwa nimekaa nakutazama! Mara hii tu. Mara moja tu, acha sheria ilale. Nimewahi kuomba nini kwenye kazi hii?"

Ajabu ya Mungu. Mlinzi wa mionzi ndiye aliyekuwa anaomba kibuyu kiachwe, na kizee wa milimani ndiye aliyetikisa kichwa.

"Kingekuwa kibuyu cha mama wa mtu mwingine," aliuliza mama, kwa upole sasa, "kingepita?"

Emiliana alijua jibu. Alimwona yule mama wa mwezi wa tatu akienda zake na kibuyu chake kilichonyamaza. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio.

Mama akamwacha alie kidogo. Kisha akamshika kidevu kama zamani, akamgeuzia uso.

"Sikia. Sikushuka kwa ajili ya maziwa. Ningetaka maziwa ningekufa nayo kulekule. Nimeshuka kwa ajili ya yule mtoto, na hicho kinachoweza kumwua hakilali naye nyumba moja. Hayo mengine nitajifunza kuyameza. Wewe ulijifunza, mimi kwani nina koo la nini?" Akachomoa kifuniko tena. "Haya. Fausta hayupo hapa. Katika watu wa nyumba yetu walio hapa uwanjani, mdogo ni nani?"

Emiliana alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Mimi."

"Basi njoo."

Alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe, akikiinamisha kibuyu, mkono mwingine chini ya kidevu maziwa yasidondoke. Yalikuwa ya baridi na mazito. Ukali ukampiga chini ya ulimi, jicho moja likafumba lenyewe, na baada ya ukali ukaja ule utamu wa nyuma, wa moshi, ambao hakuna pakiti iliyowahi kuwa nao na hakuna mtoto wa Fausta atakayekuja kuujua. Aliumeza. Alitamani funda lile lisiishe. Mama naye akanywa lake, taratibu, macho kwenye milima, akapangusa mdomo.

Damiano alikuwa anarudi kutoka kula, akawaona. "Bibi, yanaonekana matamu hayo! Na mimi je?"

"Wewe hapana, mwanangu," alisema bibi haraka. "Wewe tumbo lako bado ni la shule."

4

Mama na binti waliingia pamoja kwenye chumba cha uongozaji. Haikuruhusiwa, lakini Emiliana alikuwa ameshavunja kubwa zaidi, na hili dogo alilivunja bila kuwaza. Alimweleza Damiano kosa lenyewe lilivyotokea, na kwamba kubwa lilikuwa lake yeye aliyesikia akanyamaza, na kwamba jioni atakwenda mwenyewe kwa meneja kumwambia. Damiano alishika kichwa. Kisha akaubandua ule muhuri, akakiweka kibuyu peke yake kwenye kreti, kwa mikono miwili, taratibu, na mara hii bila viazi.

Kwenye skrini lilionekana bwawa, na chini kabisa ya maji nondo za kobalti zikitoa mwanga wa buluu.

"Rangi nzuri," alisema mama, aliyekuwa amekalia stuli.

"Nzuri, ndiyo."

"Sikuitegemea."

Mkanda uliingiza kibuyu chumbani, ukasimama. Emiliana aliweka dozi. Kidole chake kilisita juu ya kitufe cha kupandisha kobalti, akageuka.

"Aayo, siwezi. Nitamwita Damiano abonyeze."

"Kijana wa watu hakumjua hata mmoja wao. Mama yangu alikishika hiki, na mama yake, na dada yangu Matle kabla hajaolewa. Amalizie mtu wa nyumbani."

Akabonyeza. Nondo zikaanza kupanda, mwanga wa buluu ukafifia majini, na taa ya onyo juu ya mlango ikawaka. Hakuna kilichosikika. Mionzi haina sauti wala moto. Inapita kwenye kitu kama mwanga unavyopita dirishani, na ndani ya kitu hicho vile vidogo vinakatika nyuzi zao za uhai, kimoja kimoja, hadi havibaki. Ya viazi ingeshakwisha. Hii iliendelea, ikaendelea.

"Wanaumia?" mama aliuliza.

"Hapana, Aayo. Ni wadogo mno."

"Mm." Akakunja mikono mapajani. Baada ya muda akaanza kuyataja majina, kwa sauti ya chini, ya wanawake waliowahi kuyalaza maziwa katika kibuyu hicho, kuanzia aliowajua hadi aliowasikia tu. Mengine Emiliana alikuwa hajawahi kuyasikia. Alitaka kuuliza, akaona asimkatize.

Taa ikazimika. Kobalti ikazama, buluu ikarudi majini, mkanda ukakileta kibuyu nje. Damiano akakishika, akakibandika muhuri mpya, akawakabidhi.

Mama alikipokea, akakiweka mapajani. Hakikuwa na joto, hakikuwa na alama yoyote. Alipitisha kiganja juu yake mara moja.

"Wameisha wote?"

"Wote, Aayo."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Alikipangusa kibuyu kwa ncha ya shuka. Kisha akaegemea fimbo yake, akainuka, akakitia kibuyu kwapani.

"Basi sasa mtoto anaweza kunywa," alisema. "Twende tukampe funda lake."